Je, Wajua? Kilomita Moja ya Waya Ndani ya Gitaa

Pikapu ya gitaa la umeme ina vitu vichache mno ukilinganisha na maneno yanayosemwa juu yake. Ukiifungua utakuta sumaku, waya wa shaba uliozungushwa mara maelfu, na plastiki ya kuushikilia. Ya kawaida haina betri wala transista. Waya wenyewe una unene wa milimita 0.063, sawa na unywele, na katika pikapu ya kawaida ya Fender Stratocaster umezungushwa karibu mara 8,000. Ukiunyoosha wote unapita kilomita moja. Gitaa lenye pikapu tatu, basi, lina zaidi ya kilomita tatu za waya chini ya nyuzi sita.

Swali la pikapu ipi inunuliwe huwafikia wapigaji wa Kebirigo mapema. Gitaa la kanisa au la bendi mara nyingi ni la bei nafuu kutoka China, au la mtumba lililopitia mikono mingi, na siku linapoanza kukoroma au kufifia kila anayejidai mjuzi husema: badilisha pikapu. Duka la vipuri vya gitaa hulipati katika mji huu wa majani chai. Utaagiza Luthuli Avenue, Nairobi, au mtandaoni, na pikapu moja ya chapa kubwa ya Marekani yaweza kugharimu zaidi ya gitaa lenyewe. Haya hapa, basi, ni ya kujua kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Je, wajua kwamba pikapu haisikii sauti? Inachohisi ni mwendo wa chuma tu. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha huko London kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya koili, waya hutoa umeme. Uzi wa gitaa ulio juu ya sumaku nao hupata usumaku kidogo. Ukiuchapa ukatetema, nguvu ya sumaku ndani ya koili hupanda na kushuka pamoja nao, mara 110 kwa sekunde kwa uzi wa A, na umeme unaotoka hubeba mtetemo uleule hadi kwenye amplifaya. Miaka 100 baada ya Faraday, George Beauchamp na wenzake wa Los Angeles walilitia wazo hilo kwenye gitaa dogo la aluminiamu la kupakatwa, ambalo kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Beauchamp aliomba hataza mwaka 1934 na kuipata mwaka 1937. Inasimuliwa kwamba wakaguzi wa Washington walitilia shaka kama kifaa kile kinafanya kazi kweli, ikabidi wanamuziki wapelekwe kupiga mbele yao.

Hapo ndipo obokano inapokwama. Kinubi hiki kikubwa cha Abagusii kina nyuzi 8 na sauti nzito ya kukoroma inayosikika kifuani kabla ya masikioni. Kuna watafiti waliokiita besi kubwa ya Afrika Mashariki. Lakini nyuzi zake kiasili ni za mnyama, na siku hizi wengi hutumia nailoni. Weka chini yake pikapu ya bei ghali kuliko zote duniani, utapata kimya, kwa sababu sumaku haina habari na nailoni. Obokano inahitaji piezo, yaani kisahani kinachotoa umeme kikibinywa au kutikiswa. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kisahani chenyewe hakina fahari yoyote: ni kile cha rangi ya dhahabu kinacholia “pii” ndani ya saa ya mezani, kengele ya moshi au kichezeo cha mtoto. Fundi wa redio akipekua sanduku lake la vyuma chakavu hakosi kimoja. Kinabandikwa kwenye mti wa obokano karibu na daraja la nyuzi, kinalehemiwa nyaya mbili, na besi ya mababu inaingia kwenye spika.

Kinshasa walikuwa na shida kama hiyo, ila chombo chao kiliwasaidia. Likembe ina vibao vya chuma badala ya nyuzi, kwa hiyo sumaku inaweza kuusikia mwendo wake. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa bendi ya Konono No. 1, hakungoja duka. Pikapu zao zilitengenezwa kwa mkono kwa sumaku zilizong'olewa kwenye vipuri vya magari mabovu. Zilikwaruza na kunguruma ovyo, na mwaka 2004 albamu yao Congotronics iliwafanya Wazungu wazitafute sauti hizohizo za kukwaruza kwa bidii na kwa fedha nyingi. Sisemi ung'oe dainamo ya matatu iliyolala gereji. Nasema kwamba hakuna siri ya kiwandani ndani ya kile kisanduku cheusi.

Sasa sumaku, na hapa nitakaa kidogo.

Sumaku ya pikapu nyingi zinazosifiwa ni ya mchanganyiko uitwao alnico: aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Aina ya tano, ambayo ndiyo maarufu zaidi, karibu robo yake ni kobalti. Sasa jiulize kobalti hiyo ilitoka wapi wakati Fender walipotoa Telecaster na Stratocaster mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mzalishaji mkuu wa kobalti duniani wakati huo alikuwa Kongo ya Wabelgiji, na migodi ilikuwa Katanga, mikononi mwa kampuni ya Union Minière. Hakuna anayeweza kufuatilia safari ya sumaku moja moja, lakini ukishika gitaa la umeme la enzi hizo kutoka Marekani, kuna uwezekano mzuri kwamba umeshika kipande cha ardhi ambako watu huzungumza Kiswahili.

Tena angalia tarehe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana wa Katanga, Jean Bosco Mwenda, katika mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi. Mwenda alipiga gitaa kavu, lisilo na umeme, kwa vidole, besi na sauti ya juu zikijibizana kana kwamba wapigaji ni wawili. Yeye na mpigaji mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, na upigaji wao uliwaingia Wakenya wengi waliokuja baadaye kushika magitaa ya umeme. Miaka miwili baada ya rekodi ile, Stratocaster ya kwanza ikauzwa. Vidole vya Katanga vilikuja Kenya kwa njia moja, madini ya Katanga kwa njia nyingine iliyopitia California, vikakutana kwenye jukwaa la Nairobi. Sijui kama kuna bara lingine lililouziwa sauti yake kwa mzunguko mrefu hivyo.

Mwezi Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi, kitovu cha migodi ile. Bei ya kobalti iliruka mara kadhaa, na watengenezaji wa spika duniani wakaanza kuiacha alnico na kukimbilia sumaku za ferati, zile nyeusi zinazofanana na vigae, ambazo hazina kobalti kabisa. Ndiyo maana spika kubwa za muziki ulizozoea kuziona zikibebwa harusini zina pete nyeusi nzito nyuma. Pikapu zilinusurika kwa sababu sumaku zake ni ndogo, na wapigaji walikuwa tayari kulipa.

Kwa anayechagua leo, hesabu ni hii. Alnico 5 inavuta kwa nguvu na hutoa sauti angavu yenye mwanzo mkali. Alnico 2 ni dhaifu kidogo, na sauti yake ni ya mviringo. Alnico 3 ndiyo dhaifu zaidi na, cha kushangaza, haina kobalti hata chembe. Fender waliitumia kwenye baadhi ya pikapu za mwanzo wa miaka ya 1950. Magitaa ya bei nafuu yana ferati: ukiigeuza pikapu yake utaona kipande kimoja au viwili vya sumaku nyeusi vimegundishwa chini ya misumari ya chuma. Si vibaya, mradi aliyeizungusha hakuwa na haraka.

Muuzaji atakutajia namba, na namba hiyo ni ukinzani wa waya: hii ni kilo-omu 6, ile ni 14, bila shaka ile ya 14 ndiyo dume. Namba hiyo inadanganya. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani bila kuongeza nguvu ya sauti kwa kiwango kilekile. Halafu shaba yenyewe hubadilika kwa joto, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Chukua pikapu ya kilo-omu 6. Ipime Kebirigo alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai na joto likiwa nyuzi 14: utasoma 5.86. Iteremshe Kisumu adhuhuri, nyuzi 32, uipime tena: 6.28. Pikapu ni ileile. Kwa hiyo mtu akikutoza zaidi kwa sababu pikapu yake ni 6.2 na ya jirani ni 5.9, mwambie akuonyeshe na kipimajoto.

Hiyo haimaanishi kwamba pikapu zote ni sawa. Mwaka 1972 Larry DiMarzio wa New York alitoa Super Distortion, ambayo huhesabiwa kuwa pikapu ya kwanza ya kubadilishia iliyouzwa kwa wapigaji wa kawaida. Waya ulikuwa mwingi, sumaku ya ferati ilikuwa kali, na shabaha ilikuwa moja: kuisukuma amplifaya ya valvu hadi ipasuke sauti, kwa ajili ya roki. Seymour Duncan alifuata na kampuni yake mwaka 1976. Biashara nzima ya pikapu za kubadilishia ilizaliwa kwa ajili ya muziki wa aina hiyo, na mpaka leo matangazo yake yanahubiri nguvu.

Je, benga inahitaji nguvu hiyo? Sikiliza Christopher Monyoncho, mkongwe wa benga ya Kisii, au wakubwa wa benga upande wa Ziwa. Gitaa la solo linakimbia juu, noti fupifupi, kila moja imesimama peke yake, besi ikilijibu chini. Sauti ni safi, nyembamba, yenye ukali wa makusudi. Koili yenye waya mwingi hukata sauti za juu kabisa na kuzirundika za katikati. Noti zinaanza kushikana. Sina aibu kusema kwamba kwa benga, na kwa rumba iliyotokana na Tanga kama ile ya Simba Wanyika na Les Wanyika, pikapu dhaifu ya koili moja, kilo-omu 5.5 hadi 6.5, ndiyo bora, hata kama ni ya bei rahisi. Mpigaji wa Kebirigo anayenunua pikapu ya roki kwa sababu imesifiwa kwenye video anajinunulia pilipili ya kutia kwenye uji.

Kuna sababu nyingine, na hii haisemwi vya kutosha. Magitaa mengi ya makanisani na kwenye sherehe zetu hayaingii kwenye amplifaya ya gitaa. Yanachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Pikapu isiyo na betri imeundwa kukutana na mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Milango mingi ya mikisa ina omu 10,000 au 20,000 tu. Ukichomeka hapo, sauti ya juu inamezwa na gitaa linalia kama limefunikwa blanketi, hata liwe na pikapu ya dhahabu. Kisanduku kidogo cha DI kati ya gitaa na mikisa hutibu hilo. Waya mrefu nao hula: kila mita ya kebo hupunguza makali kidogo, na kebo ya mita 10 iliyotoka dirishani hadi kwenye hema si sawa na ya mita 3. Kabla ya kuagiza chochote, azima kebo fupi na DI, usikilize tena gitaa lako.

Na kabla hata ya hapo, chukua bisibisi. Pikapu husimama juu ya skrubu mbili za kuipandisha na kuishusha. Ikiwa juu mno, sumaku huvuta uzi, noti hutetereka kama zinapigana, na gitaa halikubali kutyuniwa kwenye noti za juu. Ikiwa chini mno, sauti hufifia. Bonyeza uzi kwenye pingili ya mwisho, acha nafasi ya milimita 2 hivi kati ya uzi na pikapu, upande wa nyuzi nene zaidi kidogo, kisha rekebisha kwa sikio. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na imeokoa pesa nyingi za watu.

Je, wajua kwamba mvumo wa gitaa la Kenya una noti yake? Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 49. Marekani umeme ni hezi 60, ambayo inaangukia kati ya B bemoli na B. Mpigaji wa Nyamira anakorofishwa na G, mwenzake wa Chicago na kitu kisicho na jina. Ule mlio wa “tititi, tititi” unaosikika kwenye spika simu ya mulika mwizi inapotaka kuita nao una noti: simu za kizazi cha pili hutuma mawimbi yake kwa vipande karibu 217 kwa sekunde, chini kidogo ya A. Kwa wimbo ulio kwenye A utasikika kama mpigaji wa tano aliyekunywa.

Koili moja hunasa mvumo huo kwa sababu haijui tofauti kati ya nguvu ya sumaku inayotoka kwenye uzi na ile inayotoka kwenye transfoma. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, sumaku zimeelekezwa kinyume na nyaya zimeungwa kinyume. Mvumo unaingia koili zote mbili na kujifuta wenyewe. Sauti ya uzi inajumlika. Aliomba hataza mwaka 1955, ikatolewa mwaka 1959, na pikapu hiyo ndiyo hambaka. Wakati wa kusubiri, Gibson walibandika chini yake kijilebo cha kusema hataza imeombwa, na leo hambaka za lebo hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Kinachochekesha ni kwamba mashine za kiwandani hazikuwa makini. Mzungushaji alisimamisha pale chombo kilipoonekana kujaa, kwa hiyo hakuna mbili zilizofanana. Baadaye lebo ikabadilishwa ikawa na namba ya hataza, na namba hiyo haikuwa ya hambaka hata kidogo. Ilikuwa ya kishikio cha nyuzi kilichobuniwa na Les Paul. Wapo wanaoamini ilikuwa mbinu ya kuwapoteza waigaji.

Lakini si kila kelele ni ya kutibiwa kwa hambaka. Ikiwa gitaa linazizima kwa mkwaruzo, ukigusa nyuzi linanyamaza, tatizo ni kinga. Mwili wako unafanya kazi ya antena, na ukigusa nyuzi unaunganishwa na ardhi. Tiba ni kuliwamba gitaa ndani kwa karatasi ya shaba. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni hufanya kazi pia, ila risasi ya kulehemu haiishiki. Ukigusa nyuzi na midomo ikaungua kwenye maikrofoni, hapo acha gitaa kabisa: soketi haina waya wa ardhi, au vifaa viwili vimetoka kwenye nyaya tofauti za nyumba, na mtu anaweza kufa. Kisii na Nyamira ni kati ya sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na nyuzi za gitaa lililochomekwa ni njia ya chuma kutoka kwenye stima hadi kwenye vidole vyako. Mawingu yakishuka alasiri, chomoa.

Pikapu inayopiga yowe spika ikiwa na sauti kubwa huwa na ugonjwa mwingine: waya ndani yake umelegea na unatikisika. Eddie Van Halen alizitumbukiza zake kwenye nta iliyoyeyushwa. Viwanda hufanya vivyo hivyo, kwa mchanganyiko wa parafini na nta ya nyuki kidogo. Nyumbani inawezekana kwa mshumaa na nta ya nyuki, mradi sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, maana mvuke wa nta hushika moto kwa ghafla. Joto la nyuzi 65 linatosha. Likizidi, plastiki inapinda na umeharibu ulichokuwa unaponya.

Pikapu iliyokufa, ambayo maltimita haionyeshi chochote, mara nyingi imekatika waya mahali pamoja tu, karibu na nje, palipoingia jasho au unyevu. Kwetu kwenye mvua karibu mwaka mzima, shaba nyembamba hivyo huliwa na kutu ya kijani bila kelele. Fundi mwenye macho na subira anaweza kuupata mwisho wa waya na kuulehemu. Asipoupata, inazungushwa upya. Wazungushaji wa nyumbani kote duniani hutumia mota ya cherehani, na wengi wao huhesabu mizunguko kwa kikokotoo cha kawaida: sumaku ndogo kwenye gurudumu, swichi inayojifunga sumaku ikipita, nyaya zake zimelehemiwa chini ya kitufe cha usawa. Unaandika 1 ongeza 1, kisha kila mzunguko unabonyeza badala yako. Ikifika 8,000, simama.

Usidhani ni kazi ya kudharauliwa. Abigail Ybarra aliingia kiwanda cha Fender California mwaka 1956 na kuzungusha pikapu huko mpaka alipostaafu mwaka 2013. Pikapu zenye herufi za jina lake hutafutwa na wakusanyaji. Wapigaji waliojulikana dunia nzima walipewa makofi kwa sauti iliyotoka mikononi mwake, na wengi wao hawakuwahi kumsikia.

Kosa nalo limewahi kuzaa sauti. Gitaa la Les Paul la Peter Green, wa Fleetwood Mac ya mwanzo, lilikuwa na sumaku ya pikapu moja iliyogeuzwa. Pikapu mbili zikiwashwa pamoja zilifutana kwa sehemu, ikatoka sauti ya puani, nyembamba, ambayo wengi wamelipa kuipata. Gitaa hilo lilikuwa baadaye la Gary Moore na sasa ni la Kirk Hammett. Na Stratocaster ilipotoka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji waligundua kwamba ukiikwamisha katikati ya nafasi mbili unapata sauti ya kioo inayopendwa mno. Fender waliiwekea nafasi tano mwaka 1977, miaka 23 baadaye. Kama unapiga ridhimu ya rumba, hizo nafasi za kati ndizo unazotafuta, na unazo tayari. Kwenye pikapu mpya, uliza kama ya katikati imegeuzwa sumaku na waya. Ikiwa ndiyo, nafasi hizo zitafuta mvumo kama hambaka.

Ukiwa umefika hapa na bado unataka kununua, pima kwanza. Chukua rula, pima kutoka katikati ya uzi mnene hadi katikati ya uzi mwembamba, juu ya pikapu ya daraja. Magitaa mengi ni milimita 52 au 53, ila mengine ni 50, na pikapu yenye misumari isiyokaa chini ya nyuzi zake huziacha nyuzi za pembeni nyuma. Pima pia kina cha shimo. Agiza hambaka yenye koili zote mbili nyeupe-maziwa kama unapenda, lakini ujue kwamba DiMarzio wamesajili rangi hiyo Marekani kama alama yao, kwa hiyo wengine hawaitoi huko kwa urahisi.

Pikapu ikifika, hambaka itakuwa na nyaya nne za rangi na moja tupu. Hapa ndipo watu huharibu. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo hubeba sauti, kijani na ile tupu huenda ardhini, nyekundu na nyeupe hulehemiwa pamoja. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo hubeba sauti, kijani na tupu ardhini, nyeusi na nyeupe pamoja. Rangi ni zilezile, kazi ni tofauti. Ukiunga Duncan kwa mchoro wa DiMarzio, koili moja inabaki imefungwa ncha kwa ncha, haitoi kitu, na nyingine inafanya kazi peke yake, kwa hiyo ule mvumo wa G uliolipa kuuondoa bado upo. Gitaa litalia, na usipopima utaamini pikapu ni mbovu. Weka maltimita kwenye ncha ya kebo, vitufe vya sauti vyote juu: ulitarajia kusoma karibu 8, unasoma 4.